Kura ya Binti wa Dobi

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Uchaguzi,
Ofisi ya juu, mlango wa pili, wenye kitasa kilicholegea.

KUHUSU: KUHARIBIWA KWA BINTI YANGU NA OFISI YAKO

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote unaofanya nao kazi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kwa hayo nitakayoyaeleza.

Mimi si mtu wa malalamiko. Maishani mwangu nimeandika barua tatu tu: moja ya posa, moja ya rambirambi, na moja ya kumkumbusha mwalimu mkuu kwamba suruali yake imening'inia dukani kwangu tangu mwaka juzi. Hii ni ya nne, nayo ni nzito kuliko zote tatu zikiwekwa pamoja.

Kazi yangu ni udobi. Duka langu liko katikati ya bucha na mpiga picha, na nimekaa hapo miaka ishirini na tisa. Koti la hakimu, sare za wauguzi, shuka za nyumba ya wageni, vyote vimepita chini ya pasi yangu. Hata suti yako ya kijivu, ile yenye kifungo cha akiba mfukoni, iko dukani sasa hivi, imeshanyooka. Naomba uelewe kwamba sitaihusisha na jambo hili kwa namna yoyote. Nimeitaja tu.

Mke wangu alifariki binti yetu akiwa na miaka minne. Watu wakanishauri mtoto apelekwe kwa shangazi yake. Nikakataa. Nilimlea kwa mikono hii miwili, mmoja ukiwa umeshika pasi. Nyumbani tunamwita Mboni, kwa kuwa ndiye mboni ya jicho langu, na mtu hang'oi jicho akamkabidhi dada yake. Leo Mboni ana miaka ishirini na mitano na miezi saba. Kwa muda wote huo nimemwamsha kila asubuhi. Nimemkatia mkate. Nimemchagulia shule, kozi ya chuo, mtindo wa nywele, viatu, na marafiki wawili. Alipomaliza chuo nilikwenda naye kwenye usaili wa kazi mara tatu, nikakaa kiti cha pembeni, na pale alipochelewa kujibu nikamsaidia. Katika usaili wa mwisho, mwenyekiti wa jopo aliuliza, "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" Nikajibu, "Nyumbani." Hawakutuita tena, na hadi leo sijui jibu lile lilikuwa na kosa gani, maana lilikuwa la kweli.

Nayasema haya ili ujue binti yangu alikuwa katika hali gani kabla ofisi yako haijamgusa. Sasa malalamiko.

LALAMIKO LA KWANZA. Karani wako alizungumza na binti yangu.

Siku ya kujiandikisha nilimpeleka mwenyewe, kama nilivyompeleka kuchanjwa. Wajibu wa raia naufahamu, sikuwa na ugomvi nao. Nilibeba karatasi zake zote ndani ya mfuko wa nailoni: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, ripoti ya darasa la kwanza. Zamu yetu ikafika. Karani, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akauliza, "Jina?" Nikamtajia. "Umezaliwa lini?" Nikamtajia, nikaongeza na uzito, kwa sababu alizaliwa na kilo tatu na nusu na si kila mtu hubahatika hivyo. Karani akaweka kalamu chini.

"Mzee, namuuliza dada huyu."

"Niulize mimi," nikamwambia. "Mimi ndiye msemaji wake."

"Kwani ana tatizo la kusema?"

"Kusema anajua. Hajapata tu sababu."

Hapo Mboni akakohoa kidogo, akataja jina lake. Majina yote matatu, Mheshimiwa, kwa sauti iliyofika dirishani. Mimi ndiye niliyempa jina hilo, na ile ilikuwa mara ya kwanza kulisikia likitoka kinywani mwake. Nilidhani ameitwa mtu mwingine. Kisha akatakiwa kuweka kidole kwenye mashine. Nikamshika kifundo cha mkono asije akatetemeka. Karani akasema, "Mzee, mwachie, mashine inasoma na kidole chako." Kadi ilipotoka nikanyoosha mkono kuipokea. Akaupita mkono wangu kama mtu anayepita dimbwi, akampa yeye, akasema: "Kadi yako hiyo, dada. Itunze mwenyewe."

Mwenyewe! Neno hilo lilikuwa halijawahi kuingia nyumbani kwangu. Siku ile liliingia, likavua viatu, likakaa.

LALAMIKO LA PILI. Kijitabu.

Pamoja na kadi alipewa kijitabu cha ofisi yako, kurasa kumi na sita, picha ya sanduku la kura juu. Ukurasa wa saba umeandikwa: "Mpiga kura makini hujiuliza: Nani anasema? Kwa nini anasema? Nani anafaidika?" Aliyeandika ukurasa huo bila shaka hana mtoto nyumbani. Siku ya pili yake tu, nikiwa nampaka siagi kwenye mkate, Mboni akaniuliza, "Baba, kwa nini huwa unanikatia mkate?"

"Usijikate."

Akatafuna. Halafu akauliza, "Na nani anafaidika?"

Nilikwenda dukani nikaunguza mfuko wa koti la watu, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu mwaka wa msiba.

Nisije nikaonekana ninamsingizia, acha nitoe ushahidi kwamba mtu huyu hakuwa tayari kuchagua chochote. Miaka mitatu iliyopita nilipata homa, nikamtuma sokoni vitunguu. Alinipigia simu mara tatu. Ya kwanza: "Baba, vyekundu au vyeupe?" Ya pili: "Baba, wauzaji ni wawili, ninunue kwa yupi?" Ya tatu alikuwa analia: "Baba, anauliza nataka vingapi." Nikaondoka kitandani, nikajifunika shuka la mteja, nikaenda mwenyewe hadi sokoni. Je, huyo ndiye wa kutuchagulia diwani? Mtu anaweza kusema kwamba hakujua vitunguu kwa sababu hakuwahi kutumwa. Dada yangu alisema hivyo. Dada yangu huwa anasema mengi.

LALAMIKO LA TATU. Mkutano wa kampeni.

Mbele ya duka langu pana mtaro usio na mfuniko. Mvua ikinyesha, maji huingia kwanza buchani, halafu kwangu, yakiwa yamebeba alichokiacha mwenye bucha. Miaka mitano iliyopita diwani wetu, ambaye alama yake ni mwavuli, aliahidi kuufunika. Safari hii akagombea tena, na kwa hisani yake akanipa kazi ya kupiga pasi fulana mia tatu za wafuasi wake, kila moja ikiwa na sura yake kifuani. Nilimpitishia pasi usoni kwa heshima zote.

Basi akaja kuhutubia mtaani kwetu. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Alipomaliza akasema kama kuna mwenye swali aulize, kwa namna ile wanavyosema watu wasiotarajia swali. Mkono ukanyooshwa. Nilipoona ni wa nani nikajificha nyuma ya spika.

"Mheshimiwa," Mboni akasema, "mtaro huu uliahidi kuufunika ndani ya miezi sita. Naomba kujua, miezi hiyo ulianza kuihesabu lini?"

Watu wakacheka. Diwani naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Akamwuliza, "Binti, wewe ni wa nani?"

Mheshimiwa, unajua swali hilo lina jibu gani. Umati mzima uligeuka kunitafuta. Nilitoa kichwa nyuma ya spika, nikajiweka sawa kola, tayari kutajwa, liwalo na liwe. Naye Mboni akasema, "Mimi ni mpiga kura."

Miaka ishirini na mitano na miezi saba. Ameulizwa yeye ni wa nani, hakusema wangu.

Kesho yake mtu wa diwani akaja dukani kuchukua fulana zilizobaki, mia moja na arobaini, zikiwa na makunyanzi yake. Akaniambia, "Mzee, mfunge mdomo mwanao, tukurudishie kazi." Nilikusudia kumwomba radhi. Nilifungua kinywa kwa ajili hiyo kabisa. Badala yake nikajisikia nikimwuliza, "Lakini mtaro vipi?"

Unaona, Mheshimiwa? Ugonjwa huu unaambukiza.

LALAMIKO LA NNE, ambalo ni la kazi yangu, kwa hiyo nitalieleza kitaalamu.

Baada ya mkutano ule Mboni aliandika barua ya wakazi kuhusu mtaro, akaenda kutoa nakala katika duka la kuchapishia vitabu vya risiti na kadi za mialiko. Mimi hilo sikulijua. Lakini dobi husoma madoa kama daktari anavyosoma kipimo. Doa la mchuzi lina ukingo wa njano. Doa la kalamu hukimbia. Wino wa mashine ya kuchapia haukimbii. Hukaa kama mwenye nyumba. Nikauona kwenye mkono wa blauzi yake Jumatatu, nikauona Jumatano, na Ijumaa ukawa umefika kwenye kiwiko.

"Mboni, wino huu umetoka wapi?"

"Kazini, Baba."

"Kazini kwa nani?"

"Kwangu."

Alikuwa na siku kumi na moja katika kazi hiyo. Mwenye duka aliona mwandiko wa barua ile, akamwuliza kama anatafuta kazi, naye akajibu maswali yote bila mimi kuwepo, kiti cha pembeni kikiwa kitupu. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Niliogopa ungekuja."

Na bado hapo hajafika mwisho. Jumamosi yake nikamkuta uani anafua nguo zake. Binti wa dobi! Hajui kutenganisha rangi, hajui maji ya kwanza na ya pili, anakamua nguo kama ananyonga kuku. Kisha akaomba pasi. Nikampa, maana nilitaka ajifunze kwamba haiwezekani. Akaunguza blauzi mgongoni, alama ya kahawia ukubwa wa kiganja. Nilisubiri alie, kama siku ile ya vitunguu. Akaiinua juu akaitazama, akasema, "Kumbe moto ulizidi." Jumatatu akaivaa hivyo hivyo, akapita nayo mbele ya bucha, mbele ya mpiga picha, mbele ya wateja wangu. Mwenye bucha akaniuliza kama nimeajiri msaidizi kipofu.

LALAMIKO LA TANO. Chumba.

Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, Mboni alihama. Amepanga chumba mitaa minne kutoka kwangu. Kina dirisha moja, kiti kimoja, ndoo mbili, na kitanda alichokinunua kwa seremala bila kuniuliza kama miguu iko sawa. Haiko sawa, ameweka kipande cha kadibodi. Ukutani amebandika ile kadi yenu ndani ya karatasi ya nailoni, kama watu wanavyobandika picha ya harusi.

Alinikaribisha chai. Akanipa kiti, yeye akaigeuza ndoo akaikalia. Chai ilikuwa na majani mengi, sukari haba, na moshi. Akanitazama ninavyokunywa, akauliza, "Ikoje, Baba?" Nikasema inafaa. Nikanywa vikombe viwili. Huko ndiko mlikonifikisha, Mheshimiwa: kumdanganya mwanangu, nyumbani kwake, nikiwa mgeni.

Asubuhi iliyofuata niliamka kama kawaida yangu, nikaenda kugonga mlango wa chumba chake cha zamani. Niligonga mara ya pili ndipo nikakumbuka. Hadi leo nakata mkate wa watu wawili. Kipande cha pili nakila mimi, na sasa suruali zinanibana. Naomba nalo liandikwe kwenye hasara.

LALAMIKO LA SITA NA KUBWA. Siku yenyewe.

Nilifika kituoni kabla ya mlango kufunguliwa, nikamshikia Mboni nafasi ya pili. Alipokuja akakataa. "Wenzangu wamewahi, Baba. Nitaanzia nyuma." Nyuma palikuwa na watu arobaini na watatu. Ikabidi nami niiache nafasi yangu niende nikasimame naye. Tulisimama saa mbili na nusu. Alikuja na chupa ya maji na vipande vya mkate, alivyovikata vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili. Akanieleza habari za mashine yao ambayo hukwama karatasi kila Alhamisi, na jinsi mwenye duka anavyoitukana na yeye anavyoifungua. Nilikuwa sijui kwamba anachekesha. Kuhusu foleni sina malalamiko, Mheshimiwa. Foleni ilikuwa nzuri. Ningependa ingekuwa ndefu zaidi.

Tatizo lilianza mlangoni. Nilipotaka kuingia naye kibandani, askari akanizuia. Msimamizi wa kituo, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, akaeleza kwamba anayeruhusiwa msaidizi ni mpiga kura asiyeona au asiyejua kusoma.

"Huyu haoni mbali," nikasema, nikimaanisha maishani.

"Mzee, namwona amesoma orodha ya majina kutoka pale mtini."

"Basi mimi ndiye sioni mbali. Nipeni yeye awe msaidizi wangu, tuingie wote."

Mama yule hakubishana na mimi. Alimgeukia Mboni. "Mwanangu, unahitaji msaidizi?"

Mboni akanitazama. Nilijitahidi kuweka sura ya mtu anayehitajika. Nadhani aliiona, kwa sababu alikawia, na kwa kitambo kidogo nikawa na hakika. Kisha akasema, "Hapana, mama. Asante." Akanigeukia, akanipa mkoba wake. "Nishikie, Baba."

Alikaa ndani ya kile kibanda cha kadibodi dakika mbili na sekunde arobaini. Nilizihesabu kwa saa yangu ya mkononi. Niliona miguu yake tu. Tangu azaliwe sijawahi kukaa karibu naye namna ile bila kujua anafanya nini. Alipotoka, kidole kina wino, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Umempa nani?"

"Kura ni siri, Baba."

"Siri! Mimi nimekuogesha!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Askari wako alicheka, karani alicheka, na mama wa sauti ya taratibu alijifunika uso kwa daftari la wapiga kura, mali ya umma. Mimi nilibaki nimesimama pale nimeshika mkoba wa kike.

Baada ya kutafakari, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo:

(a) Kadi ya mpiga kura ikabidhiwe mzazi, aitunze hadi mwenye kadi atakapokuwa mtu mzima. Mzazi ndiye atakayetangaza tarehe.

(b) Kibanda cha kupigia kura kipanuliwe, kitoshe watu wawili na kigoda.

(c) Kama (b) haiwezekani kwa uhaba wa kadibodi, basi mzazi apige kura zote za nyumba: moja yake, na moja kwa kila mtoto ambaye bado anaamshwa. Mwenye watoto tisa atakuwa na kura kumi, na hapo ndipo tutakapojua nani anaijali nchi.

(d) Kwa kuwa haki ni msumeno, wagombea nao wasiachwe. Diwani asiapishwe mama yake asipokuwepo. Anayetaka ubunge alete barua kutoka nyumbani kuthibitisha kwamba hutandika kitanda chake. Vikao vikianza, wazazi wakae viti vya nyuma, na waziri akishindwa kujibu swali, baba yake anyooshe mkono amsaidie.

(e) Wewe mwenyewe, Mheshimiwa. Nimesoma matangazo yote uliyobandika ubaoni. Yote yana sahihi yako peke yako. Sitaki kukushuku. Nauliza tu, mama anajua?

Haya yakitekelezwa, nchi itakuwa na utulivu mkubwa, maana itakuwa na watu wazima wachache sana na wote watakuwa wamechoka.

Sina la ziada. Nisalimie karani wa miwani. Mwambie alete ile fremu, nina sindano nzuri na uzi imara kuliko ule. Msalimie mama wa kituo, na askari, ingawa alicheka. Wasalimie wahesabu kura, wabeba masanduku, na yule aliyeandika ukurasa wa saba, popote alipo. Wape salamu wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, hasa mzazi wako.

Ndimi mlalamikaji wako mtiifu,
Dobi wa jirani na bucha,
Baba Mboni.

Tanbihi: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga kwa gundi. Nimeifungua kwa mvuke wa pasi ili niongeze jambo dogo, lisije likakufikia kwa midomo ya watu.

Diwani aliyeshinda, ambaye sitamtaja, ameleta mawe na mifuko ya saruji, na jana alasiri wakazi tulikutana uwanjani pa shule kuchagua mtu mmoja wa kusimamia ujenzi wa mtaro. Yalipendekezwa majina mawili. La kwanza lilikuwa langu, na aliyelitaja ni mwenye bucha. La pili lilikuwa la mwashi mmoja wa mtaa wa juu, mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Tukakubaliana kupiga kura kwa kunyoosha mikono. Mboni alifika moja kwa moja kutoka kazini, akasimama mbele, nami nikamkonyeza.

Likaitwa jina langu. Mikono ikapanda ishirini na miwili. Nilihesabu mara mbili, na wa Mboni haukuwemo. Alikuwa amekunja mikono, ananitazama usoni, wala hakuangalia chini. Mimi sikunyoosha wangu, maana niliona ni aibu mtu kujichagua.

Likaitwa jina la mwashi. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa binti yangu, mbele yangu, mbele ya mtaa mzima. Miaka ishirini na tisa nanyoosha vitu vya watu, Mheshimiwa, sijawahi kuona kitu kilichonyooka vile. Nilikasirika kwa muda wa kuvuta pumzi mara moja. Halafu nikajiuliza, hivi mimi saruji naijua? Kiasi gani cha mchanga, kiasi gani cha maji, ikauke siku ngapi? Nikaona kwamba sijui hata kimoja, na kwamba mtu mmoja pale uwanjani alikuwa ameshalifikiria hilo kabla yangu.

Ikahesabiwa mikono ya mwashi. Ishirini na miwili. Sare. Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu ambaye bado.

Mwashi ameshinda kwa ishirini na tatu.